Kilomita Moja ya Handaki, Magunia Mangapi ya Saruji?

Lori la saruji likifika njia panda ya Komanda, mashariki mwa Kongo, utalitambua kabla hujaona shehena. Mzigo haufiki hata nusu ya kimo cha bodi, lakini springi zimelala na matairi yamebonyea. Turubai limefungwa mara mbili, maana mvua ya Ituri haina miadi. Saruji hiyo mara nyingi ni ya Uganda, ya Hima au ya Tororo. Ama imeingilia Kasindi ikapita Beni, Oicha na Eringeti, ama imeshukia Mahagi na Bunia. Kufikia hapa, zinapokutana barabara ya taifa namba 4 itokayo Kisangani na namba 27 iendayo Bunia, kila gunia limekwisha kulipa ushuru wa mpaka, mafuta, vizuizi vya njiani na siku za kukwama topeni. Mjenzi wa nyumba ya vyumba vitatu hapa Komanda huhesabu magunia kwanza, ndipo ahesabu matofali.

Hesabu hiyohiyo ya gunia ndiyo itakayoamua, siku reli itakapoifikia Ituri, namna mahandaki yake yatakavyojengwa. Naomba tuanze kuifanya sasa, wakati bado ni hesabu ya karatasini na hakuna aliyesaini kitu.

Ituri haina reli. Ndani ya Kongo, iliyosogea karibu zaidi ni ile njia nyembamba ya Vicicongo, yenye upana wa sentimita 60 tu kati ya chuma na chuma, iliyoanzia Aketi, ikapita Isiro na kufika Mungbere mwaka 1937. Ilibeba pamba, kahawa na mizigo ya migodi ya Kilo-Moto, ikaishia hapo. Upande wa mashariki, Uganda ilisaini Oktoba 2024 mkataba na kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki kwa reli ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala, na mipango yake ya baadaye inafika Mpondwe, mlangoni mwa Kongo. Kwa hiyo swali la reli kuvuka mpaka si ndoto ya walevi. Linarudi kila kizazi.

Na siku ikivuka, itakutana na mlima. Ziwa Albert liko karibu mita 620 juu ya usawa wa bahari, na Bunia iko zaidi ya mita 1,200. Katikati pana ule ukingo wa Bonde la Ufa ambao kila dereva wa Kasenyi anaujua kwa breki zake. Treni ya mizigo haipandi kama pikipiki. Ukiipa mteremko wa mita 15 kwa kila mita 1,000, kupanda mita 600 kunahitaji kilomita 40 za njia inayojipinda ubavuni mwa mlima. Njia ya namna hiyo haiwezi kukwepa kila pua ya jabali, na mahali pengine italazimika kupenya.

Basi tuchukue kilomita moja ya handaki la njia moja, lenye upana wa mita 6. Ukizungusha futi kutoka sakafuni, ukapanda ukuta mmoja, ukafuata paa na kushuka ukuta wa pili, utapata kama mita 18. Mhandisi aliyezoea kazi za mijini atasema: tuweke ukuta wa ndani wa zege la kumimina, unene wa sentimita 30, mwanzo hadi mwisho, tulale salama. Kwa karatasi ni mita za ujazo 5.4 kwa kila mita ya handaki.

Ila baruti haichongi kama patasi. Ikilipuka, mwamba huvunjika kufuata nyufa zake wenyewe, si kufuata mchoro, na shimo hutoka kubwa kuliko lilivyochorwa. Tuseme linazidi kwa wastani wa sentimita 20. Zege la kumimina hujazwa nyuma ya kofraji, ile kalibu inayolipa umbo, na kofraji ni ya umbo moja, hivyo pengo lote lililozidi lazima lijazwe zege. Sentimita 30 zimekuwa 50. Mita za ujazo 5.4 zimekuwa 9. Kwa kilo 350 za saruji katika kila mita ya ujazo, kilomita moja inakula tani 3,150, yaani magunia 63,000. Ni malori 105 ya tani 30, yote yakipita hapa njia panda au yakishuka kutoka Mahagi, kwa ajili ya kilomita moja.

Sasa tufanye hesabu ya pili. Badala ya kumimina, zege linapulizwa kwa hewa ya mgandamizo likanata moja kwa moja juu ya jiwe, unene wa sentimita 8, likichanganywa na nyuzi fupi za chuma. Hili halijazi pengo. Linafuata mabonde na matuta ya mwamba jinsi yalivyo. Ongeza linalodunda na kuanguka chini, ongeza lile linalopotea kwenye mikunjo ya jiwe, utafika karibu mita za ujazo 1.9 kwa kila mita ya handaki. Mchanganyiko wake unataka saruji nyingi zaidi, tuseme kilo 450. Kilomita nzima inatumia kama magunia 17,000, malori yasiyozidi 30. Juu yake kuna boliti za chuma za kuushona mwamba, mashine ya kupuliza na mafundi wa kuiendesha, navyo vina bei yake. Hata hivyo, tofauti ya magunia 46,000 katika nchi ambayo kila gunia limevuka mpaka kwa lori si ya kupuuzwa na mtu yeyote mwenye akili.

Kinachoamua kati ya hesabu hizi mbili ni jiwe lenyewe. Mhandisi, benki na waziri wanalifuata.

Sehemu kubwa ya Ituri imekaa juu ya miamba ya kale mno, graniti na gnaisi, na mikanda ya mawe ya kijani ambamo ndimo ilimo dhahabu. Graniti nzima, isiyochakaa, ina nguvu kuliko zege lolote litakalowekwa mbele yake. Kuifunika kwa sentimita 30 za zege ni kumvika ngao mtu ambaye mwili wake ni chuma. Lakini jua na mvua za ikweta zimeipika graniti hiyo kwa mamilioni ya miaka, na juu yake pana tabaka nene la udongo mwekundu na mawe yaliyooza unayoweza kuyaponda kwa vidole. Tena karibu na ukingo wa Bonde la Ufa ardhi imekatika na kusagana, na humo katikati ya mawe mazuri hukatiza mikanda ya unga na udongo mlaini. Handaki moja linaweza kupita katika hali zote tatu ndani ya mita 200.

Wachimbaji wetu wa dhahabu wanalijua hili bila kusoma popote. Nenda machimbo ya upande wa Mongbwalu, utaona shimo lililopigwa miti kila hatua tangu mdomoni, miti imebanana, kisha linapofika kwenye jiwe gumu miti inakoma. Hakuna aliyewaandikia kanuni. Mti mmoja una bei, nao wanaulipa pale tu ambapo ardhi inaudai. Mkataba wa handaki la reli unatakiwa uandikwe kwa busara hiyo, ila kwa vipimo vinavyoweza kukaguliwa.

Vipimo vipo. Cha kwanza kinaanzia kwenye mche wa mwamba. Mashine yenye taji la almasi hutoboa ardhi na kutoa jiwe lililo kama fimbo ya mviringo, linapangwa kwenye sanduku la mbao, mita kwa mita. Miaka ya 1960 Mmarekani Don Deere alipendekeza jambo rahisi: chukua urefu wa mita moja, jumlisha vipande virefu kuliko sentimita 10 tu, vifupi viache. Ukiwa na kipande cha sentimita 32, cha 25 na cha 18, kisha changarawe na vijiti vilivyobaki, jumla yako ni 75 kwa mia. Hilo ni jiwe la kuaminika. Ukifungua sanduku ukakuta vifusi na matope, 10 kwa mia, umejua mapema mahali ambapo pesa zitakwenda.

Bieniawski akiwa Afrika Kusini alitoa mwaka 1973 mfumo mpana zaidi wa kuupa mwamba alama. Mwaka uliofuata Barton, Lien na Lunde, wa taasisi ya jioteknia ya Norwe, wakatoa mfumo wao uitwao Q, waliouchambua kutokana na mahandaki na mapango zaidi ya 200 yaliyokwisha kuchimbwa. Q inaangalia mambo sita: ule ubora wa mche, idadi ya makundi ya nyufa, ukwaruzo wa nyufa hizo, udongo uliojaa ndani yake, maji, na mgandamizo wa mlima. Matokeo yanakwenda kutoka 0.001, mwamba ambao ni jina tu, hadi 1,000, jabali lisilo na ufa. Kwa handaki letu la mita 6 mfumo unasema Q ikifika kama 16 mwamba unaweza kusimama bila msaada wa kudumu, ukitia boliti pale tu penye jiwe linalotia shaka. Ikishuka hapo, boliti zinapangwa kwa safu, urefu wa karibu mita 3, pamoja na zege la kupuliza. Ikishuka chini kabisa, hakuna ujanja: weka mbavu za chuma na zege la kumimina lenye nondo.

Anayeona hili ni kamari aangalie Gjøvik, huko Norwe. Kwa ajili ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 1994 Wanorwe walichimba ndani ya mlima wa gnaisi ukumbi wa mpira wa magongo wa barafuni wenye upana wa mita 62. Hawakumimina dari. Waliushona mwamba kwa boliti na nyaya, wakapuliza zege lenye nyuzi za chuma la sentimita 10, wakaingiza maelfu ya watazamaji. Mita 62, nasi tunazungumzia 6.

Na lile zege la kupuliza lina uhusiano na ardhi yetu ambao wachache wanaujua. Mashine ya kwanza ya kupuliza saruji ilibuniwa mwaka 1907 na Mmarekani Carl Akeley, aliyekuwa akitengeneza maumbo ya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Chicago. Alitafuta njia ya kukarabati kuta za jengo hilo zilizokuwa zikibanduka. Akeley huyohuyo alikuja kwa masokwe wa Virunga, akamshawishi Mfalme Albert wa Ubelgiji kutangaza hifadhi ya taifa mwaka 1925, na mwaka uliofuata akafa kwa ugonjwa huko milimani. Alizikwa kwenye mbavu za Mikeno, Kivu ya Kaskazini. Migodi mingi ya kisasa duniani inatumia mtoto wa mashine yake, naye mwenyewe amelala hapa Kongo.

Mashine hiyo tayari iko kazini kaskazini mwetu. Mgodi wa Kibali, Haut-Uélé, unaomilikiwa na Barrick na AngloGold Ashanti pamoja na SOKIMO ya serikali, una shimo la wima la zaidi ya mita 700 na njia za chini ambamo magari makubwa hupita. Njia za migodi ya namna hiyo hushikiliwa kwa boliti, wavu wa chuma na zege la kupuliza, na kwa kazi hiyo Wakongomani wamekwisha kupata ujuzi. Tukijenga handaki la reli, fundi wa kulenga bomba, yule anayejua kusimama umbali gani kutoka ukutani ili zege linate badala ya kudunda, hatutalazimika kumtafuta ng'ambo.

Nimesikia hoja kwamba majirani hawakubana matumizi, kwa nini sisi? Reli ya kisasa ya Tanzania ina mahandaki manne katika milima ya Kilosa, jumla ya kama kilomita 2.6, refu kuliko yote likipita kidogo kilomita moja, na kuta zake zimemiminwa zege. Ni sawa. Treni za umeme hupita humo kwa mwendo unaofika kilomita 160 kwa saa, juu kuna nyaya za umeme, ndani kuna mamia ya abiria. Jiwe la ukubwa wa ngumi likidondoka ni msiba. Kenya nayo, katika njia ya Nairobi hadi Naivasha iliyofunguliwa Oktoba 2019, ilipitisha handaki la kilomita 4.5 chini ya Ngong. Huko ardhi ni ya volkano, majivu yaliyogandamana na mawe dhaifu, yasiyoweza kuachwa uchi hata wiki moja. Majirani walilipa kile ambacho ardhi yao na treni zao zilidai. Kunakili mchoro wao na kuuleta kwenye graniti ya Ituri, kwa ajili ya treni ya mbao, kahawa na mafuta inayokwenda kilomita 60 kwa saa, ni kulipa deni la mtu mwingine.

Kuna nafuu nyingine tuliyopewa bure. Komanda iko chini ya digrii 2 kutoka ikweta. Huko Norwe maji yanayodondoka darini huganda, barafu hupasua mawe na kuning'inia juu ya reli, hivyo wanatumia fedha nyingi kuyakinga kwa vifuniko maalumu. Sisi maji yetu hayagandi. Tunaweza kuyaacha yatoke: kutoboa vitundu vya kuyavuta, kuyapitisha nyuma ya zege kwa mabomba yaliyotobolewa, kuyaangusha kwenye mfereji pembeni mwa reli. Ukuta unaozuia maji yote unabeba uzito wa mlima wa maji nyuma yake, hivyo huhitaji unene mkubwa. Ukuta unaoyaruhusu kupita hauna mzigo huo.

Lakini nafuu isigeuke uzembe, na hapa nataka kukaa kidogo. Wanorwe walewale waliotuonyesha Gjøvik walipata funzo chungu katika handaki la barabara la Hanekleiv. Siku ya Krismasi ya mwaka 2006, miaka kama kumi baada ya kufunguliwa, mamia ya mita za ujazo za mawe yaliporomoka barabarani. Hakuna aliyekufa, kwa rehema za siku yenyewe, magari yalikuwa machache. Uchunguzi ulikuta mkanda dhaifu wenye udongo unaovimba ukipata unyevu, ambao ulikuwa umefunikwa kwa boliti na zege la kupuliza tu mahali palipohitaji zege zito. Udongo wa namna hiyo unaweza kukaa kimya miaka mingi. Kwenye ukingo wa Bonde la Ufa ningeutafuta kabla ya kitu kingine chochote. Ningeuchukua gramu chache kwenye kila ufa, niupeleke maabara, na pale utakapopatikana nisibishane na mtu juu ya bei ya zege.

Ndiyo maana pesa ya kwanza kabisa iende kwenye kutoboa miche, wala isionekane kama gharama ya pembeni. Na hapo ndipo hali yetu inapouma. Kutoboa miche kunahitaji mashine na watu kukaa porini miezi kadhaa, mahali pamoja. Mkoa huu uko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025 waumini waliokuwa katika mkesha kanisani hapa Komanda waliuawa na wapiganaji wa kundi la waasi la ADF. Hakuna mtaalamu wa jiolojia atakayeweka hema lake ubavuni mwa mlima ambao mkulima ameukimbia. Kila sanduku la mche lisilochukuliwa litalipwa baadaye kwa zege, kwa sababu mhandisi asiyejua kilicho mbele yake ataweka ukuta mnene kila mahali, naye atakuwa na haki. Amani katika teritwari yetu ya Irumu ingeshusha bei ya handaki kuliko punguzo lolote la kiwandani.

Amani ikipatikana, itabaki karatasi. Mkataba unaomlipa mkandarasi bei moja kwa handaki zima unamfundisha asiangalie mwamba. Akiwa na tamaa, atapunguza pasipostahili. Akiwa mwoga, atajaza zege pasipohitajika na bei yake ilikwisha kuliweka humo. Njia iliyothibitika ni kuugawa mwamba katika madaraja manne au matano, kila daraja na aina yake ya ukuta na bei yake kwa mita, iliyokubaliwa kabla ya baruti ya kwanza. Kisha kila baada ya mlipuko, mawe yaliyolegea yakishabanduliwa na moshi kutoka, mtaalamu wa mwenye reli na wa mkandarasi wanasimama pamoja mbele ya uso mpya wa jiwe, wanapima nyufa, wanasaini daraja. Mtaalamu wa mwenye reli asilipwe na mkandarasi, wala asilale kambini mwake. Mshahara wake wa mwaka mzima ni mdogo kuliko zege la mita chache.

Milango ya handaki isiingizwe kabisa katika hesabu ya kubana. Mita 30 za kwanza kila upande, pengine 50, zitapita katika ule udongo mwekundu na mawe yaliyooza, panapoporomoka kila masika. Hapo ni mbavu za chuma, zege la kumimina lenye nondo, na mfereji wa kukinga maji ya mlimani uliochimbwa juu ya mlango kabla ya kazi nyingine kuanza. Mfereji huo hauna saruji nyingi. Una majembe, na watu wa kuusafisha mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua za Machi na kabla ya zile za Agosti.